Kwa Mama Waceke, Aliyebadilisha Ramani ya Polisi

Mama, mwaka umekatika tangu utuache, na bado tunakusikia ukilalamika.

Mzungu alipouza shamba na kampuni yetu ya kununua ardhi ikaligawa, kura yako iliangukia ile nyumba yake ya mawe. Watu walikuonea wivu. Hawakujua taabu yake. Kwenye ramani ya polisi shamba lote, familia zaidi ya sabini, lilikuwa na jina moja la mzungu huyo, Kwa Fanroi, na alama moja: nyumba yetu. Mtu akiibiwa ng'ombe kule mtoni, akapiga simu kutoka dukani Turbo, Landrova ya polisi ilikuja kusimama mlangoni kwetu.

"Mama, ni wewe umepiga ripoti ya wizi?"

"Mimi leo nimepiga pasi peke yake! Wizi ni kwa Aketch, ng'ambo ya mto."

Kisha ulivua eproni, ukapanda gari lao ukinung'unika, ukawaonyesha njia. Ulirudi na matope, githeri imeungua jikoni. Kila safari uliwaambia waandike nyumba zingine kwenye ramani. Kila safari walisema, "Sawa, Mama."

Halafu ikaja ile Jumapili ya mwaka wa sabini na moja. Tulikuwa kanisani. Wezi walimvamia jirani yetu Wanyonyi wakamkata panga, na mkewe Nelima akakimbia kupiga simu. Polisi walikuja haraka, hatukatai. Lakini walikuja kwetu. Wakakuta mlango umefungwa, wakakaa kwenye veranda.

"Tulikuwa tunakungoja utuonyeshe njia," walikuambia tulipofika.

Ulikimbia mbele ya gari, Biblia ikiwa bado mkononi. Wanyonyi alikata roho njiani kwenda hospitali.

Tulipomaliza mazishi ulienda kituoni, ukaketi mbele ya Sajenti Shitanda, ukasema huondoki. Akakueleza kwa upole kwamba ramani ilitoka Nairobi, ni mali ya serikali, haichorwi kwa kalamu.

"Na Wanyonyi alikuwa mali ya nani?"

Inspekta akatoka ofisini kwake, akasema karatasi mpya itundikwe juu ya ile ya zamani, ijazwe majina ya sehemu zetu zote.

Tulidhani yameisha. Kumbe sasa ilikuwa zamu ya majirani kukuchosha! Uliwaita uwanjani mkubaliane majina. Waliotoka Murang'a walitaka jina la kwao, waliotoka Kimilili la kwao, naye Mama Jepkemboi akasema pale mahali palikuwa na jina kabla hata mzungu hajazaliwa. Kona moja ya barabara ilibishaniwa mpaka jua likazama.

"Iiteni hata Kiatu," ukapiga kelele, "mradi liwe jina moja!"

Mpaka leo inaitwa Kiatu.

Msimu wa mahindi uliofuata, ng'ombe wa Mama Jepkemboi walichukuliwa. Landrova ilikuja mbio, ikapita geti letu, ikakata kona moja kwa moja hadi kwake, na ng'ombe wakapatikana kabla hawajavushwa mto. Sisi tulishangilia. Wewe ulisimama getini, mikono kiunoni, vumbi likikuangukia.

"Hata salamu?" ukasema.

Hukuwapa polisi nafasi ya kupumua. Kila mtu alipouza kipande, kila njia ilipofungwa kwa waya, ulifunga leso ukaenda kituoni. Shitanda alikuwa akikuona kwa dirisha anatoa kalamu kabla hujaingia. Nasi tulichoka, Mama, tuseme ukweli. Wageni wa harusi ya binti yako Nduta hawakuonja chakula kabla hujawauliza wanaishi upande gani.

Hata wodini, sauti imebaki kidogo, ulimvuta mwanao Ndungu shati.

"Jelagat amejenga barabarani karibu na bwawa. Mwambie Shitanda."

"Mama, pumzika."

"Nitapumzika aje na barabara imehama?"

Ndungu alienda siku hiyo hiyo. Aliporudi kukwambia imeandikwa, ulikuwa umeshalala usingizi ambao hatukuweza kukuamsha.

Unakumbukwa na mume wako Mzee Gerishon, watoto wako Ndungu, Nduta na Wangari, wakwe, wajukuu, Mama Nelima na wanawe, na majirani wote kuanzia mtoni hadi Kiatu.

Ulituchosha, Mama. Kukusahau hatutaweza kamwe.