Diplome Yako Ilikuwa ya Kweli

Nyabiondo, Jumatano

Kwa kaka yangu Nestor Bayingana, Walikale,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo wa tumbo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji Valérie akiwa amepona ile malaria, na watoto wanakula. Sisi huku bado tunapumua. Mama yuko Kirolirwe, magoti ndiyo yanamsumbua, lakini bado anaamka kabla ya kila mtu kwenda kusimamia ukamuaji na kugombana na wachungaji. Ng'ombe wamebaki saba. Nyasi ziko, mvua haijatunyima kitu.

Barua yako niliipata wiki iliyopita kwa mkono wa Jean-Luc, yule wa pikipiki. Niliisoma mara tatu. Umekasirika, na una haki. Ulipeleka dosie yako kwenye shirika letu kwa ile kazi ya kutibu mifugo, ukajibiwa kwa mistari miwili kwamba diplome yako si halali. Umeniuliza mimi, kwa kuwa nafanya kazi humu humu, kama hawa watu wanachunguza kweli diplome, ao wanatupa tu dosie za wale wasio na mtu ndani. Umeandika hata kwamba ningekuwa ndugu wa kweli ningekwisha kusimama na kusema. Neno hilo lilinichoma. Nitalijibu.

Ukweli ni kwamba zamani hakuna aliyechunguza kitu. Nilimuuliza Mama Chantal, anayesimamia wafanyakazi, naye hakuficha. Fotokopi yenye muhuri ilitosha, na mihuri mingine ilichongwa kwenye soli ya sandali kuukuu. Tulikuwa na dereva aliyeandika kwenye CV yake kwamba ana lisansi, yaani digrii, ya sheria, na hakuna aliyeshangaa, maana ofisi nzima ilikuwa na lisansi ya kitu fulani. Na wakati huo huo watu waliosoma hadi macho yakauma walikuwa wanabeba makaa. Ukifikiri jambo hili unaweza kutupa viatu ukutani.

Mwaka jana, mmoja wa hao madaktari wa karatasi alichoma sindano ng'ombe wenye mimba huko milimani, ndama wakatoka kabla ya siku zao. Wafugaji walikuja na mafimbo. Wafadhili nao wakapiga kelele, amri ikatoka: majina yote yapelekwe kwenye vyuo vikuu. Ofisi nzima ikaugua. Wawili waliomba ruhusa ya kwenda kuzika, na mpaka leo hawajamaliza kuzika. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini ugali wangu nilikuwa nawaachia wao.

Majibu yalichukua miezi minne. Watano walifukuzwa. Na sasa sikia vizuri, Kaka: jina lako walilichunguza pia. Chuo kilijibu kwamba Bayingana Nestor alimaliza udaktari wa mifugo, tena kwa alama za juu. Diplome yako ilikuwa ya kweli na wao wanajua ni ya kweli. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Walichunguza namba, mwaka na sahihi ya mkuu wa chuo, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kumtazama mtu.

Dosie yako ilipofika, Mama Chantal alikuta diplome ile ile, namba ile ile, na mwenye jina hilo tayari ni mfanyakazi wa shirika tangu miaka mitano. Akasema mbele yetu wote, "Huyu muntu wa Walikale njo mwizi. Mwenye diplome iko hapa kwetu." Kisha akanigeukia mimi, akanipa pole kwa kuibiwa jina. Nami nikamshukuru.

Ndiyo, Kaka. Ni mimi.

Nilikuambia kwamba kazi yangu ni kupanga dawa. Nilikuambia kwamba sanduku lako liliibwa tulipokimbia, ndiyo maana umebaki na fotokopi. Yote mawili ni uongo. Ulipovuka kwenda Uganda, mwaka mzima ukapita bila sauti yako, tukakuombea misa kama marehemu. Siku hiyo Mama alifungua sanduku lako na kunipa diplome, mimi niliyeanguka mtihani wa serikali mara mbili. Alinikumbusha desturi yetu: ndugu akiwa mbali, anayebaki anachunga ng'ombe wake na kunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. "Akirudia, utamurudishia," alisema. Na kwa kuwa kwetu kila mtoto ana jina lake, si la ukoo, ofisini hakuna aliyenishuku. Kazi niliijua kwa miaka ya kuchunga. Ng'ombe hajawahi kuniuliza diplome.

Lakini wewe ulirudi, sasa ni mwaka, na mimi nikaendelea kunywa. Nilimwambia Mama kwamba nitakueleza Pasaka. Pasaka ikapita, nikasema Noeli. Usimgombeze Mama, yeye alitimiza desturi. Mimi ndiye niliyeikata katikati. Uliandika kwamba ndugu wa kweli angesimama na kusema. Una haki, na inaniudhi kwamba una haki.

Leo asubuhi nilimwambia Mama Chantal. Kwanza alidhani nina homa. Kisha akaninyang'anya ufunguo wa pikipiki ya ofisi, akaniuliza, "Sasa weye njo nani?" Nikamtajia jina, akaliandika polepole. Anasema hajui kama ataniitia polisi, lazima kwanza awaulize wakubwa wake. Kuhusu ile kazi hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba sasa nafasi ziko mbili, na kwamba Jumatatu uje mwenyewe na karte yako ya uchaguzi yenye picha, na diplome yenyewe, si fotokopi.

Diplome ndiyo hiyo ndani ya barua hii. Jean-Luc ameifunga kwenye plastiki kwa sababu ya mvua. Angalia vizuri kama haijaloana. Doa lililo pembeni ni la maziwa, ni la siku ile Mama alipoitoa, mikono yake ilikuwa haijakauka.

Kesho narudi Kirolirwe. Kati ya wale saba, watatu ni wako, na mmoja ana mimba. Nisalimie shemeji Valérie na watoto, na wazee wa kwake wote. Nikikutana nawe Jumatatu barabarani, sitakusalimu mpaka wewe uanze, hata ikichukua mwaka.

Nisamehe mwandiko wa hapa chini. Tangu miaka mitano sijaandika jina hili kwenye karatasi yoyote, na mkono umelisahau kidogo.

Mdogo wako,

Déo Kayitare