Vifuniko Vyekundu Sasa Vinafunguliwa

Mama Akoth,

Ni mimi, Jerotich. Mtu akinikuta nikimwandikia mtu tuliyemzika, atasema uchovu umenipanda kichwani. Aseme. Mwanangu Chumba amelala, na hapa Kiplombe kumenyamaza kwa sababu majirani bado wako kanisani. Mimi leo sikuenda. Nilikuwa na neno na wewe kwanza.

Habari yenyewe ni hii: cheti hatukupata. Kile cha kiwango cha tatu cha kiwanda chetu cha maziwa, ulichohangaika nacho mpaka ile presha ikakuangusha. Na ukiuliza pale kiwandani ni nani alifanya tukose, watanionyeshea kidole mimi. Kazi yangu sasa inaning'inia. Kesho ndiyo nitajua kama ninayo au sina. Lakini sikuja kulia kwako, na sikuja kukuomba radhi. Nimekuja kukueleza vile ilienda, maana wewe hukupenda kusikia mambo kwa watu.

Unakumbuka vile ulikuwa unasimama kwa jukwaa la kupokelea asubuhi, wakulima wa Moiben wakishusha mikebe? Unafungua kifuniko, unakileta karibu na uso, mara moja, basi. "Hii ni ya jana jioni, imechanganywa na ya leo." "Huyu ng'ombe alikuwa anakula saileji, zile nyasi za kuchachushwa, akikamuliwa." "Haya yamelala kwa mtungi wa mursik, wa kugandishia maziwa lala, moshi huu hapa." Mkulima anaapa kwa kaburi la babake. Wewe humjibu. Unamwaga kidogo kwenye kikombe na spiriti, maziwa kwa kuharibika yanaganda mbele ya macho yake, halafu unamrudishia mkebe taratibu ukimuuliza habari ya watoto. Hakuna aliyeondoka kwako amekasirika. Aibu kidogo, ndiyo.

Ulitukataza losheni ya kunukia. Ulitukataza vitunguu asubuhi. Na mimi nilipotoka likizo ya kujifungua, ulinisogelea siku ile ya kwanza ukasema mbele ya watu wote, "Wewe leo unanuka maziwa kuliko mkebe. Nenda unyonyeshe kwanza, pua yako inajinusa yenyewe." Jukwaa zima lilicheka. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini wiki hiyo hiyo ukaiweka kwenye utaratibu wa kazi, kwa maandishi: mama anayenyonyesha aende kwa mtoto kabla ya kupokea maziwa. Meneja akatia sahihi akidhani ni mambo ya usafi. Chumba alikua kwa sababu ya ule mstari, Mama Akoth. Sijawahi kukuambia hivyo. Nilidhani muda upo.

Ndiyo maana watu wakisema vyeti ni karatasi tu za kutundika, mimi sikubali. Najua mstari mmoja unaweza kufanya nini.

Halafu akaja yule kijana mshauri kutoka Nairobi, aliyeletwa kututayarisha. Alituketisha akatueleza hizi ngazi: ya kwanza, kazi inaenda kwa bahati na kwa watu wachache wanaoijua, ya pili, angalau kila idara inajipanga, ya tatu, kazi imeandikwa, kila mtu anaijua, na inafanywa vile vile leo na kesho, awepo fulani asiwepo. Akakuuliza unajuaje maziwa yameharibika. Ukamwambia, "Najua tu." Akasema kwa heshima, "Mama, 'najua tu' haiwezi kufundishwa."

Ulinuna wewe! Chai hukunywa. Tulijua ametuharibia siku. Kumbe ulikuwa unafikiri. Kesho yake ukamvalisha koti jeupe, ukamsimamisha kwa jukwaa, ukawa unampa vifuniko anuse mpaka macho yakamtoka machozi. Na yeye akawa anakuuliza, kwa nini kifuniko na si maziwa, kwa nini unageuza uso, mpaka maneno yakakutoka ambayo sisi hatujawahi kuyasikia miaka yote. Mkaandika ukurasa mmoja. Ukabandikwa ukutani juu ya sinki: fungua kila mkebe, nusa kifuniko, geuka uvute hewa safi, nusa tena, ukiwa na shaka mwite mwenzako. Yeye alitaka tuchague mikebe michache tu ya kupima. Wewe ndiye uliyeng'ang'ania hilo neno, "kila".

Nilikuuliza mbona unagawa kazi yako hivyo, si watakufuta? Ukaniangalia kwa ile miwani yako iliyofungwa uzi. "Jerotich, kama kazi inakaa kwa pua ya mtu mmoja, huo ni ugonjwa. Mimi ndio ugonjwa wa hiki kiwanda. Wacha nijitibu."

Kisha ukaenda. Jumapili ulikuwa unaimba kwaya, Jumatatu mkeka wako wa kusimamia ulikuwa hauna mtu.

Tulikupeleka kwenu kando ya ziwa na lori la maziwa likiwa mbele. Dada zako walituosha miguu wakatulisha samaki. Tuliporudi, foleni ilikuwa ndefu, sisi tumechoka, na dereva wa mwenyekiti wa ushirika akaanza kupiga honi. Unajua ile mikebe ya vifuniko vyekundu, ya wakulima wakubwa kama mwenyekiti, iliyopewa rangi ili ishushwe haraka. Wewe ulikuwa unaifungua kama mingine. Ulisema rangi nyekundu haina harufu. Sasa neno likatoka ofisini, kwa mdomo tu: hiyo pitisha. Tukawa tunaipitisha, ikimwagwa kwa tangi bila kufunguliwa na mtu yeyote, na ukurasa wako uko hapo ukutani ukitutazama.

Bwana Rono meneja si mtu mbaya, nataka uelewe hivyo. Meneja pia ana watu juu yake. Wakaguzi walipokaribia, alituita kwenye stoo akatufundisha majibu kama watoto wa katekisimu. Nani anafungua mikebe? Sisi. Mikebe gani? Yote. Kila siku? Kila siku. Akatwambia hoteli na shule zinangoja kiwango cha tatu ndio zichukue maziwa yetu, na bila wanunuzi hao vibarua wengine wataenda nyumbani. Mpaka hapo nilikuwa nakubali. Nina mtoto, nina nyumba ya kulipia, baba yake hata simu hashiki. Ningejibu "Yote", "Kila siku", na kulala.

Lakini akaongeza neno. Akasema, "Fanyeni kwa ajili ya Mama Akoth. Cheti tutakitundika kando ya picha yake."

Hapo ndipo nilikataa. Wakitaka kudanganya, wadanganye kwa majina yao. Wewe wakuache.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, viatu vya chini, sauti ya pole. Alituita mmoja mmoja, lakini pale pale kwa jukwaa, kazi ikiendelea. Alisoma ukurasa wako wote, akasema umeandikwa vizuri kuliko mingi aliyoiona. Halafu hakuniuliza lile swali tulilofundishwa. Aliniuliza, "Ni mikebe gani hamfungui?"

Mwenzetu Wafula alikuwa nyuma yake na ufagio. Alitikisa kichwa hivi, kidogo sana. Niliona uso wa Chumba. Niliona kodi. Sitakudanganya, niliona pia njia rahisi, ilikuwa wazi kabisa mbele yangu.

Nikasema, "Ya vifuniko vyekundu."

Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu tumzike aliyeandika huo ukurasa. Aliweka kalamu chini kwanza, akaniambia pole, ndipo akaandika.

Basi. Tulibaki kiwango cha pili. Ripoti ilisema utaratibu ni mzuri lakini haufuatwi kwa wote, na kwamba turekebishe hilo ndipo waitwe tena. Kibarua hakuna aliyefukuzwa, ila wanunuzi wamesema watangoja. Bwana Rono aliniita. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Aliuliza, "Ulikuwa unataka nini, Jerotich?" Nikamwambia nilitaka ifunguliwe. Akanihamisha nikaoshe mikebe.

Kwa hivyo ndiko niliko. Maji baridi, soda ya kuoshea, vidole vimepasuka mpaka Chumba hataki nimguse shavuni. Nikipita na ndoo Wafula anatangaza, "Ficheni vikombe, mkaguzi wetu mdogo amefika." Wanacheka. Mama Chelimo wa kaunta hanisalimii, mumewe ni mmoja wa wale vibarua wanaoweza kurudishwa nyumbani. Namwelewa. Sina kinyongo naye, na sirudishi neno langu.

Sasa sikia hii, maana ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Baada ya ripoti, ofisi ikaogopa kidogo, ikatoa amri vifuniko vyote vifunguliwe. Na kwa jukwaa, mahali pako, nani amewekwa? Wafula. Huyo huyo, na pua yake ya tumbaku. Ameacha tumbaku asubuhi, wanasema, analalamika kama mtu aliyefiwa. Alhamisi mimi niko kwa bomba, gari la mwenyekiti likaingia. Wafula akafungua mkebe wa kwanza, akanusa kifuniko. Akasimama. Akageuka kando, akavuta hewa, akanusa tena. Akaangalia ukutani, midomo ikitembea kama mtoto anayesoma. Halafu akamwita mwenzake, vile imeandikwa. Wakamwaga maziwa kwa kikombe, wakatia spiriti, yakaganda kama uji. Dereva akaanza maneno, ati unajua haya ni ya nani. Wafula hakujibu. Alirudisha kifuniko, akasukuma mkebe taratibu ukarudi kwa gari, na kumbe amekukopa hata hilo, nikamsikia akimuuliza dereva habari ya watoto.

Nilifungulia maji kwa nguvu ili watu wasinisikie nikilia. Nililia kwa furaha na nililia kwa hasira. Kwa sababu ulikuwa umepona, Mama Akoth, ule ugonjwa ulioniambia. Jukwaa limeweza bila wewe. Na mimi sikuwa tayari liweze bila wewe. Nilitaka likukose kama mimi ninavyokukosa.

Mwenyekiti naye hakulala. Mkebe wake kurudishwa mbele ya wakulima wadogo! Hakumgusa Wafula, maana Wafula alifuata karatasi iliyotiwa sahihi. Alitafuta mwanzo wa mambo, akanipata mimi. Ijumaa Bwana Rono alinipa karatasi nyeupe, akasema niandike barua ya msamaha kwa mwenyekiti na kamati, kwamba nilipotosha wakaguzi kwa sababu ya majonzi. Niilete Jumatatu asubuhi, yaani kesho. Nisipoileta, mkataba wangu hautaendelea. Hakuniangalia akisema. Alikuwa anaangalia picha yako.

Kwa sababu ya majonzi! Majonzi ninayo, hayo ni yangu. Lakini siku ile sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimeona.

Nimekaa hapa kwa kiti cha plastiki niandike hiyo barua. Nilipanga hata maneno: Kwa heshima, mimi mwenye jina hapo chini. Lakini kalamu ilipogusa karatasi, jina lililotoka ni lako, na sasa pande zote mbili zinakaribia kujaa. Karatasi nyingine sina, na sinunui.

Kesho nitaingia ofisini mikono mitupu na nitamwambia hivyo. Akinirudisha kwa maji baridi, nitaosha. Akinifukuza, nitafunga leso, nitambeba mtoto wangu mgongoni na kubisha kwa viwanda vingine, Eldoret si ndogo. Nakuahidi kitu kimoja: popote nitakapowekwa, hata kama ni kufagia, mkaguzi akiniuliza nitamwambia ninachokiona, na jina lako halitatumika kufunika mkebe wowote nikiwa hapo.

Pumzika, Mama. Usiamke kwa ajili ya kazi, kazi imeshika. Mimi ndiye bado ninajifunza kusimama bila wewe, na nitasimama.

Msichana wako wa jukwaa,
Jerotich