Nyoka Niliyemwacha Darasani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zisizoenea kwenye bahasha. Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu hamjambo, na kwamba goti la mama limeacha kumnyima usingizi. Ukiuliza kuhusu mimi, ni buheri wa afya, na katika tumbo la mama yetu bahati yote niliibeba mimi, ninyi wengine mkaachiwa akili. Nani mwingine unayemjua aliyeacha shule darasa la sita na leo ni mwalimu wa Kiingereza? Watoto thelathini na wawili wa darasa la awali wananikimbilia getini kunikumbatia miguu, hata kutembea siwezi. Bahati hii wengine wanaitafuta kwa tochi mchana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema mama amewatangazia majirani wote, na siku hizi hata fundi viatu anamwita Mama Mwalimu. Nimecheka, halafu nimeacha kucheka. Ninayo habari nzito, ya mwalimu mwenzangu aliyekuwa karibu kunyang'anywa darasa lake, ila hutaielewa nisipoanza mwanzo. Kwa hiyo epua sufuria, ukae.

Mwenzangu huyo ni mama wa makamo, mpole. Watoto wanamwita Bibi Chaki, maana hata nywele zake zina vumbi lake. Mwezi uliopita mama yake alilazwa, akaomba ruhusa ya siku tisa. Mwalimu mkuu hakupata mtu wa kukaa na watoto, akaniita mimi. Aliniagiza wachore, wasiumane, basi. Bibi Chaki naye alinishika mkono akanisihi nisiwafundishe kitu, kwa sababu somo la wingi ndiyo kwanza linaanza na mkaguzi yuko njiani. Sasa, dada, unanijua. Kuniambia mimi ninyamaze ni kumwambia jogoo alale mpaka saa nne.

Siku ya kwanza nilivumilia hadi saa tatu. Saa tatu na nusu nilikuwa ubaoni. Nilinyanyua kikombe kimoja nikasema "cup", nikaongeza cha pili nikasema "cups". Kuna binti tunamwita Kijiko, kwa vile hakuna chungu asichoingia. Aliuliza kwa nini kwetu kikombe kikiwa vikombe kinabadilika kichwani, na cha Waingereza kinabadilika mkiani. Swali la profesa hilo! Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba Kiingereza kina nyoka. Kitu kikiwa kimoja, nyoka amelala. Vikiwa viwili, anakuja kukaa nyuma yao anasema sss. Nikaushika ufagio ukawa ndiye nyoka, na kila nilipouburuta sakafuni, watoto waliburuta mikono yao wakapiga sss mpaka vioo vikatetemeka. Mle darasani mlikuwa na kitoto kimoja ambacho hakikuwa kimetoa sauti tangu kianze shule. Siku ya nne kilinivuta suruali, kikanionyesha vidole vyake, kikasema "fingers", na nyoka wake alikuwa mrefu kuliko treni. Nilitoka nje nikijidai nimeingiwa na vumbi jichoni.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba yako majina ya Kiingereza yasiyomtaka huyo nyoka hata kidogo. Labda yalifundishwa siku nilizotoroka, na nilitoroka nyingi.

Bibi Chaki alirudi, na kesho yake mkaguzi akaingia na picha zake, mwalimu mkuu akiwa naye. Akainua picha ya miguu miwili. Darasa zima: "Foots!" Akainua panya wawili. "Mouses!" Akainua watoto. "Childs!" Na mikono inaburuta sakafuni, na sss kama tairi linalotoka upepo. Wenyewe walikuwa na furaha, dada, wanangoja kupigiwa makofi. Mkaguzi akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena.

Mwalimu mkuu aligeuka nyuma, pale mlangoni niliposimama na ndoo, akaniuliza mbele ya wote kama niliwafundisha chochote zile siku tisa. Ulimi huu unaowashinda wauzaji wote wa sokoni ulijikunja. Nikasema, nani, mimi? Mimi niliwafuta makamasi tu.

Bibi Chaki aliniangalia. Angeniangalia kwa hasira ningepona. Ufagio pale shuleni ni mmoja na mwenyewe anajulikana, na aliiona mikono ya watoto. Lakini alimgeukia mkaguzi akasema darasa ni lake, na kinachotoka humo ni chake.

Mkaguzi akashauri aondolewe. Mkuu akasema atatoa uamuzi Ijumaa. Wiki nzima nilimwona dirishani akiwafundisha upya, polepole, bila kumuua nyoka wangu. Aliwaambia tu kwamba zipo nyumba ambazo nyoka huyo hakaribishwi. Na kila asubuhi alinisalimu vilevile, akaniulizia goti la mama. Ni bora angenitukana.

Leo ni Ijumaa. Kabla ya kengele nimebisha hodi kwa mwalimu mkuu nikasema yote, pamoja na uongo wangu. Alivua miwani akaniuliza kwa nini nilikana. Nikamwambia kwamba kwa siku tisa nilikuwa mtu anayesubiriwa, nikaogopa kuambiwa sikustahili. Akavaa tena miwani, akasema atamwandikia mkaguzi leo hii na Bibi Chaki habanduki darasani. Ama mimi, nisubiri Jumatatu, na hakuniahidi kitu.

Bibi Chaki nilimkuta koridoni. Nilipiga magoti nimwombe radhi, akaniambia niinuke, sakafu yenyewe nimetoka kuipiga deki. Kisha akasema wakininyang'anya ufagio, kiti cha nyuma darasani kwake hakuna wa kuninyang'anya, niingie nijifunze yaliyobaki. Nimeingia. Magoti yaligonga kidevu, na Kijiko amenisahihisha mara mbili, tena kwa dharau.

Mama msomee barua hii akiwa ameketi, na mpe maji kwanza. Akitaka kulia, mwambie yule mtoto aliyekuwa bubu sasa anahesabu vidole vya kila mtu. Nisalimie shemeji, wabusu wapwa zangu, na majirani waambie ukweli wewe, maana mimi wakiniona nitaongeza chumvi.

Sasa nasaini kama inavyopasa. Yale ya juu kabisa ni uongo, dada, na ya barua zangu zote za miaka miwili iliyopita pia. Mimi si mwalimu wala sijawahi kuwa.

Mdogo wako,
mfagizi wa shule, angalau mpaka Jumatatu.