Kuhusu Kontena Lako la Kompyuta

S.L.P. 318,
Musoma.
8 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mugeta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua zimekatika na upepo wa ziwa umeanza kutupigia madirisha. U mzima? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu? Na baridi ya huko Winnipeg imekuachia kidogo? Sisi hatujambo, ila mimi sauti imekauka kwa kufundisha, na Gloria wangu ndiyo kwanza ametoka kwenye homa.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Ninalotaka kukwambia ni zito, na kwenye simu wewe unajibu kabla hujamaliza kusoma. Tangu utoto uko hivyo.

Muhula huu nimepewa somo jipya. Ninawafundisha wanafunzi wa stashahada ya biashara namna ya kutumia teknolojia ya habari bila kuharibu mazingira: kompyuta inakula umeme kiasi gani, inadumu muda gani, ikifa inakwenda wapi. Siku ya kwanza walinitazama kana kwamba nimekosea darasa. Wao walikuja kutafuta faida, mimi nawaletea habari za takataka.

Basi nikawasimulia Nyamuswa yetu. Nikawaambia juu ya redio ya baba, na jinsi betri zikichoka wewe ulivyopandishwa kwenye bati la jiko uzianike juani, ili jioni zipate nguvu ya taarifa ya habari tu. Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa kulekule juu kuzilinda, eti kunguru wasizile? Zikifa kabisa tulizipasua, tukachanganya ule unga mweusi na majani ya viazi, tukapaka ubao wa shule. Mikono ilibaki myeusi mpaka Jumapili kanisani. Darasa lilicheka, nami nikacheka, halafu ikabidi niwaambie kwamba ule unga ni sumu na sisi tulikuwa tunanawia kisimani. Hata hivyo, Mugeta, nilitamani sana siku zile zirudi. Baba anahangaika na antena, mama anapepeta mtama, na sote tuko nyumba moja.

Sasa nifike kwenye kontena lako. Ulipoandika kwamba kampuni yako inabadilisha kompyuta na wewe utatuletea hizo za zamani, mkuu wa chuo alifurahi mpaka akatangaza mkutanoni. Nami nilijivuna, maana ni ndugu yangu. Lakini juzi niliwapeleka wanafunzi stoo ya nyuma ya maktaba, ambako zimelala kompyuta za msaada wa miaka iliyopita, zilizotufikia zikiwa zimeshachoka. Nikawauliza, kama ninyi ndio mameneja, mngepokea shehena nyingine kama hii? Sikuwaambia kuwa inayokuja ni yako. Kija, kijana wa Bunda asiyemung'unya maneno, akajibu, "Mwalimu, kwani hao wenzetu huko hawanaga shimo la kutupia?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi roho iliniuma kwa ajili yako.

Nia yako ni njema, naijua. Ila hizo mashine programu mpya hazizikubali, umeme zinakula, na zikifa hatuna pa kuzipeleka. Vijana huchoma nyaya dampo ili wapate shaba, na moshi wake unaingia majumbani. Siwezi kufundisha hivyo asubuhi, mchana nikapokea kontena lako. Nakuomba usilitume. Mkuu wa chuo nitamkabili mwenyewe, akininunia na aninunie.

Jambo jingine ni la mama. Chuoni tumeweka kreti la kukusanyia simu mbovu, zipelekwe Mwanza kwa mtu mwenye kibali cha kuzifungua. Nikaenda Nyamuswa kumwomba zile ulizokuwa ukimtumia, maana zote zimekufa. Anazo kwenye kikapu chini ya kitanda, kila moja ameifunga kitambaa chake. Nilipomweleza, alikivuta kikapu upande wake. "Nyamburi, ukizichukua hizi, mimi nitabaki na nini cha Mugeta?"

Nilimaliza chai yangu nikarudi Musoma mikono mitupu.

Mdogo wangu, hujakanyaga nyumbani tangu tulipomzika baba. Umetuma viatu, umetuma simu, sasa unataka kutuma kontena. Tumekukumbuka. Hiyo gharama ya kulisafirisha, jikatie tiketi.

Shemeji yako Eliud anakusalimu, na Gloria pia, ambaye anakujua kwa picha tu. Baba mdogo Werema wa Butiama anauliza kama lugha ya nyumbani bado inakutoka mdomoni. Mungu akulinde na akufungulie njia.

Mama naye nilimwomba salamu nizitie humu. Amekataa. Amesema zake utazipokea mlangoni.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Nyamburi