Majani Mekundu ya Bibi

Nyumba ya kona, chumba cha nyuma,
Mtaa wa mafundi viatu.
Jumapili alasiri, mwisho wa mwezi wa kumi na moja.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mtoto, maana naye sasa ni mtu, ingawa kazi yake kubwa ni kutoa mapovu mdomoni. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Na Baba Mdogo, bado wanampa zamu ya usiku? Mwambie asisahau sweta, yule mtu anajifanya chuma.

Sisi hatujambo. Mvua ikinyesha tunasogeza kitanda, ikikatika tunakirudisha. Baba mtoto amepata kazi ya mabomba kwenye yale majengo mapya, anarudi jioni kalowa chapachapa lakini anacheka. Mtoto ameota meno mawili ya chini na ameanza kuyafanyia kazi, mimi ndiye ninayejua.

Mama Mdogo, siku ile kwenye simu uliniuliza Bibi ana nini, nikashindwa kukujibu kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Leo ametoka kuota jua, nimepata nafasi. Kubwa ni hili: daktari amesema macho yote mawili yana mtoto wa jicho, lakini wakimpasua ataona. Nafasi ameshawekewa, ni mwezi ujao. Bibi alikuwa hataki. Ukimwambia macho, anakujibu, "Nione nini?" Na wewe unamjua mama yako akikataa.

Yote yametoka kwenye kikundi chetu cha kutarizi. Ulipoondoka mwanzoni mwa mwaka ulituacha sebuleni kwa Mama Mkubwa, tumebanana kwenye mkeka na viti, Bibi kwenye kiti chake cha dirishani. Mambo yalikuwa mazuri. Yule mama mwenye ukumbi wa sherehe alikuja akatazama foronya zetu, akasema anataka kitambaa kikubwa cha meza ya maharusi, pembe zote nne maua na majani. Tulivyofurahi! Redio, jirani yule asiyepumua akiongea, alitangaza mtaa mzima kabla hata ya chai kupoa.

Tukagawana pembe. Bibi akachukua ya kwake, Mama Mkubwa ya kwake, Redio na mke wa muuza mkaa zilizobaki. Mimi tumbo lilikuwa limeshanizuia kuinama, nikapewa kazi ya kukunja ukingo.

Sheria ya Bibi unaikumbuka, ndiyo aliyotulelea. Mshono wa mwenzako huugusi. Ukiona kosa unamwambia, anafumua mwenyewe kwa mkono wake. Hata mimi nilipokuwa mdogo, uzi umejifunga hadi nalia, alikuwa anakaa pembeni ananiambia, "Fumua, mama, mimi nipo." Lakini hagusi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Bibi macho yalikuwa yameshamchoka, naye hakutuambia. Nyuzi alikuwa anazijua kwa mahali zilipokaa. Kopo la kwanza dirishani kijani, linalofuata nyekundu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku moja Redio akaja mapema, moyo wake mweupe kabisa, akafuta vumbi la dirisha, akayapanga makopo upya kufuata ukubwa ili yapendeze. Tukamsifu. Hakuna aliyewaza lolote.

Bibi akakaa, akanyoosha mkono palepale pa siku zote, akaanza majani yake. Mekundu.

Tuliona, Mama Mdogo. Wote tuliona. Tulitazamana tukainamisha vichwa. Mke wa muuza mkaa alininong'oneza, "Labda ni mtindo." Nani angemwambia mama mzima kama yule kwamba jani lake lina rangi ya damu? Kila mtu alingoja Mama Mkubwa aseme, kwa kuwa Bibi ni mamaye. Mama Mkubwa naye, alikuja kuniambia baadaye, kila akifungua mdomo alikuwa anaona kama anamvua nguo mbele za watu. Siku zikaenda, majani yakazidi kuota. Sheria yetu ilitaka mtu aseme tu, na kusema ndiko kulikotushinda.

Ndipo nikajifungua. Bibi akaja kukaa nami kwangu. Nilimng'ang'ania abaki, nilikuwa naogopa hata kumgeuza mtoto, na mikono ya Bibi kwa mtoto unaijua. Huku nyuma siku ya kukabidhi kazi ikawa imekaribia. Mama Mkubwa akajifungia na kile kitambaa, akafumua pembe yote ya mama yake, akaitarizi upya kwa kijani. Nimeshamuuliza ilikuwaje. Alisema alilia mpaka sindano ikawa haionekani. Hakufanya kwa dharau. Alitaka kumsitiri.

Bibi alirudi siku wanayokunja kazi ili ipelekwe. Akasema, "Hebu nikiage." Akapitisha vidole juu, akatabasamu. Kisha akakigeuza, akapapasa nyuma. Yeye hafungi fundo, si unajua? Uzi wake anauzamisha chini ya mshono unapotelea humo. Mama Mkubwa anafunga. Vidole vikafika kwenye mafundo vikasimama.

"Nani huyu aliyekaa mahali pangu?" akauliza.

Redio mwenyewe, nasikia, alikuwa kimya kama amekatiwa umeme. Mwisho Mama Mkubwa akasema, "Ni mimi, mama. Majani yalikuwa mekundu."

Bibi akasema, "Basi ungeniambia, mwanangu. Ningefumua." Akakiweka kitambaa mezani taratibu, akaomba fimbo yake. Akarudi huku kwangu, na tangu siku ile hajakaa kwenye kile kiti.

Mwenye ukumbi alikipenda. Na pembe aliyoisifia kuliko zote ni ileile. Redio kwa kutaka kumfurahisha Bibi akaja mbio kumwambia, mimi nikiwa mlangoni namkonyeza mpaka jicho likauma, haoni! Bibi akamjibu kwa upole, "Mpe hongera aliyeitarizi."

Mama Mkubwa amekuja kuomba msamaha, si mara moja. Bibi anasema amesamehe, na mimi naamini, maana anakunywa uji wake na kumuuliza hali ya magoti. Ila akimtajia kikundi anageukia ukuta. Mama Mkubwa alikwenda mpaka ukumbini kuomba kitambaa akifumue, Bibi airudie pembe yake hata ikiwa ya bluu au nyeusi. Wakamcheka. Harusi zimeshapita juu yake, kina madoa ya mchuzi, kimefuliwa na dawa kali mpaka maua yamefifia. Alirudi kwangu akakaa pale kizingitini, akaniambia, "Kumbe ilikuwa ni kitambaa tu."

Kikundi hakijafa, usije ukaona kimekufa. Tunakutana, tunafanya foronya ndogondogo. Lakini mke wa muuza mkaa amehama, na Redio siku hizi anauliza kabla ya kugusa hata kijiko. Kiti cha dirishani hakuna anayekikalia. Nadhani ungekuwepo ungesema, wewe hukuwahi kuogopa kumwambia Bibi kitu. Silaumu, nawaza tu.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu leo. Asubuhi nilimpakatisha mtoto, akawa anampapasa uso, nyusi, mashavu, kidevu. Nikajitia ujasiri, nikamtajia tena hospitali. Nikatarajia lile jibu lake. Badala yake akacheka, kile kicheko cha zamani, akasema, "Nimechumbiwa miezi yote hii na mwanamume nisiyemjua sura. Akiwa mbaya je?" Nikamwambia, "Bibi, ni mzuri kukushinda." Akasema, "Ndivyo wanavyosema washenga wote."

Kisha akaniambia nikuandikie hivi. Atakwenda. Lakini sindano tusimtajie tena, hiyo imekwisha, na tusimwahidi kurudi kwenye kile kiti cha dirishani. Na siku watakayomfungua bandeji anataka binti zake wote wawili waliobaki wawe mbele yake, wewe mkono huu na Mama Mkubwa mkono huu, kwa sababu mama yangu hayupo wa kushika.

Nimemwambia Mama Mkubwa. Alifunika uso kwa kanga, nikamwachia mtoto amshike.

Basi njoo, Mama Mdogo. Najua kazi yako si ya kuomba ruhusa ovyo, na safari ni ndefu. Omba hivyo hivyo. Ukishindwa sitamficha, nitamwambia kwa mdomo wangu, maana kunyamaza tumeshaona kunakotupeleka. Lakini naomba nisije nikalazimika kumwambia hilo.

Msalimie Baba Mdogo na wadogo zangu wote, hasa yule mchokozi wa mwisho. Mama Mkubwa anakusalimu, Redio anakusalimu kwa sauti kubwa, baba mtoto anakuamkia. Mungu akufungulie njia, akulinde kwenda na kurudi.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ninayekungoja,

Sisimizi