Programu Inayosema Nimepona

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimetoka zahanati. Nimonia imeisha, amesema nesi Suzan, lakini mwili bado. Nitembee asubuhi, nipande kilima polepole, nisibebe kitu kwanza. Nikamuuliza nitajuaje nimepona. Akasema niutazame moyo. Ukipanda kilima moyo utakwenda mbio, hiyo si kitu. Ukikaa chini ushuke upesi. Mapigo yakichelewa kushuka, kaka, wewe bado mgonjwa hata ukijiona simba. Simu yako inaweza kupima, akasema. Sikujua. Mimi simu napigia nyumbani na kutazamia mpira.

Mzee Bukuru, kiongozi wa kundi letu, ananingoja Jumatatu. Kazi yetu hapa Rusumo ni kufaulisha – kutoa mzigo lori hili, kupandisha lile. Na tuna sheria yetu: aliyeugua akirudi anabeba gunia la kurudi. Moja tu, la mahindi, peke yake, wenzake wamesimama wanatazama. Akilitua njiani, nafasi yake anapewa mwingine. Nafasi yangu! Sikutoka kwetu Nyarubungo kuja kutazama maporomoko ya mto.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Programu za mapigo ya moyo ni nyingi kuliko aina za maharage. Ya kwanza ilitaka niiunganishe na saa ya mkononi. Saa ninayo ya ukutani, na imesimama. Ya pili ilinijazia matangazo ya kupunguza tumbo. Tumbo lipi?

Ya tatu ina alama ya jani. Unaziba kamera kwa kidole, taa inawaka, inahesabu. Nikaziba. Ikaandika: weka kidole. Nimeweka. Weka kidole. Nikabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Weka kidole.

Nikaenda kwa dada Happy, anayechaji simu za watu kwenye maegesho ya malori. Akaushika mkono wangu, akaugeuza.

"Hiki si kidole, ni kwato. Magunia yamekuotesha sugu, taa itapenya wapi? Lete kile cha mwisho."

Kidole kidogo. Tangu nizaliwe hakijanifanyia kazi ya maana, leo kimeajiriwa. Simu ikasoma mara moja.

Kumbe Juvenali, ninayelala naye chumba kimoja, ameshawaambia wote kwamba simu ilitafuta moyo wangu ikaukosa. Jioni ananiita, "Marehemu, maji ya kuoga yako tayari." Nimeoga kama marehemu mwenye njaa.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Kilimani asubuhi. Nilipofika juu moyo ulikuwa unapiga kama mashine ya kusaga. Nikakaa, nikangoja. Ukakataa kushuka. Jani likawa jekundu: pumzika.

Nikakasirika, nikapakua nyingine, yenye alama ya moyo. Hiyo tamu! Napumua kama mbwa, yenyewe inasema 74, uko vizuri, hongera. Sijawahi kupewa hongera na simu. Nilifurahi, kusema kweli. Nikajiona tayari.

Mchana Juvenali akaichukua, akaibandika kamera juu ya parachichi letu la kula na ugali. Ikafikiri kidogo. 74, hongera.

"Basi Jumatatu parachichi libebe gunia," akasema, "wewe tutakula na chumvi."

Tulicheka mpaka nikakohoa.

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Baada ya misa nimempigia Restituta, mke wangu. Mahindi wamevuna, mtoto hajambo, mbuzi ameingia tena kwa jirani. Nikamsimulia habari za programu. Nikamwambia ile ya parachichi sijaifuta, mzee Bukuru akitaka kujua kama nimepona namwonyesha hiyo. Akauliza:

"Na gunia nalo, baba Priscila? Nalo utalionyesha simu?"

Akaanza kucheka, nikacheka.

Jioni kilima tena, polepole. Moyo umeshuka vizuri. Jani limekuwa la njano. Njano ni kitu!

Ya parachichi bado sijaifuta. Nimeisogeza ukurasa wa nyuma.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimebeba! Ubao wa kupandia lori ulinesa chini yangu, lakini sikulitua. Nikakaa kwenye tairi hili, nikaweka kidole kidogo. Mapigo juu, halafu chini, chini – jani la kijani. Nikaonyesha wote.

Basi kila mtu akataka kupimwa. Vidole vidogo vikapanga foleni. Juvenali alikuwa mzima, akadai simu inapendelea wazuri. Wa mwisho mzee Bukuru, ambaye tangu asubuhi amekaa anakunywa chai. Hajagusa gunia.

Jekundu. 128.

Tukapima tena. Zaidi kidogo.

Juvenali akainama kufunga kamba za viatu, na amevaa ndala.

"Simu yako imelewa," mzee akasema. "Hakuna nyingine?" Akapekua mwenyewe, akaifikia ile ya ukurasa wa nyuma. 74, hongera. Akacheka kwa nguvu. "Hii ndiyo inanijua. Niwekee hii kwenye simu yangu, kijana."

Nikamwambia, mzee, shida ni kwamba hii hata parachichi inalipa hongera. Akasema parachichi halijawahi kuongoza kundi. Akaniachia simu yake, akaenda kubeba. Wa kwanza kabisa, ili waone.

Nimeiweka ya jani. Mzee ndiye anayeamua nani abebe na nani aondoke, na nimeiweka ya jani. Sasa natafuta maneno. Nitaanza na nesi Suzan, labda. Au nimwambie tu twende wote zahanati, mimi nina swali langu.

Amesimama katikati ya ubao, gunia kichwani. Wa nyuma yake wamesimama pia. Hasogei. Anatazama huku – nadhani anauliza kama simu yake iko tayari –