Tumbo Ulilotuachia Uani

Baba, mwaka umetimia tangu utuache, na tunaandika haya tukiwa tumeinamisha nyuso.

Ulikuwa fundi bomba, lakini mtaa mzima ulikuita Mzee Maganda. Kila asubuhi ulipita kwa muuza juisi na kwenye magenge ya mboga, ukarudi na ndoo ya mabaki, ukayatia kwenye tangi ulilojenga uani. Humo yalioza yakatoa gesi ya kupikia, na tope lililobaki uliwagawia majirani wakarutubishe bustani zao. Mama alisahau kabisa habari za mkaa. Tukikaa kula, ulichungulia sahani zetu na kuuliza kama tangi nalo limeachiwa chake.

Nasi tulikuonea haya. Kifungua mimba wako, Dada yetu muuguzi, ndiye aliyezidi. Akikuona barabarani na ndoo yako, alivuka upande wa pili akijifanya anaongea na simu. Ulimwona, Baba. Ulianza tu kupita uchochoroni, usije ukamwaibisha mbele ya wenzake. Hilo linatuuma hadi leo.

Ulipofariki, waombolezaji wakiwa njiani, Dada aliona uani pananuka. Akachukua dawa kali ya kusafishia wodi, akaimimina yote tangini. Ulikwisha kumwambia mara nyingi, "Lile ni tumbo, mwanangu, si sinki. Kuna vijidudu humo, ndivyo vinavyotupikia." Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Moto ukafifia, ukazima. Sote tukasema tangi limezeeka, na sote tulijua tunadanganyana. Mama akarudi kwenye mkaa, na kile kikohozi chake cha zamani kikarudi pia.

Siku moja kilimbana hata akashindwa kuipua chai. Dada akatoka hivyo hivyo na kanga ya jikoni, akaenda kwa muuza juisi, akamweleza yote bila kujitetea. Yule mama naye ana tangi, ulilomjengea wewe. Hakumsema. Alimwagiza tulikombe tangi letu, tulisuuze kwa maji matupu, kisha aje na ndoo.

"Tope langu la kuanzishia, lenye vijidudu vyake, alinipa babako," alimwambia. "Chukua, ni lake."

Dada alilibeba kwa safari kadhaa, likimchuruzika mkononi, na hakupita uchochoroni. Penye kibanda cha kinyozi, ambako ulizoea kutaniwa, wanaume waliziba pua. Mmoja akauliza kwa kicheko kama Maganda amefufuka. Dada alisimama, uso umemwiva.

"Mimi ni mwanawe," alisema.

Kicheko kikakatika. Kinyozi akaweka mkasi chini, akampokea ndoo hadi mlangoni kwetu.

Gesi ilichelewa. Tulilisha tangi kidogo kidogo kama mgonjwa anayejifunza kula upya, na kila Mama alipojaribu kiberiti, hola. Leo asubuhi moto umeshika. Chai imechemka, Mama hajakohoa. Kikombe cha kwanza Dada amekitenga mahali pako, akashindwa kukaa mezani.

Tusamehe, Baba. Unakumbukwa na mkeo, kifungua mimba wako, wadogo zake, wakwe na wajukuu zako, na muuza juisi, ambaye tangu sasa ni wa nyumbani.

Hutatutoka moyoni kamwe. Na ndoo yako, Mzee Maganda, inapita barabara kuu.